Mteja wangu haoni, na mimi sitaki tena kujua neno lake la siri

MamaKopi_Igoma · Jumapili, saa 3:40 usiku

Habari za usiku wana jukwaa. Nina steshenari Igoma, Mwanza, mwaka wa tisa huu. Kompyuta mbili, mashine ya kopi moja, na printa inayotafuna karatasi kila mvua ikinyesha. Kopi shilingi 100, kuprinti 200, kujaza fomu za mtandaoni kuanzia 2,000 kutegemea fomu imeamkaje. Niseme ukweli mapema msije mkanisema baadaye: hela yangu haitoki kwenye kopi, inatoka kwenye tovuti mbovu. Zingekuwa zinajazika, watu wangejaza kwenye simu zao wakiwa kitandani, na mimi ningekuwa nauza vitumbua.

Sasa kuna jambo limenikaa kooni tangu Alhamisi.

Nina mteja, mwalimu mstaafu, alifundisha historia sekondari. Presha ya macho ilimla taratibu, jicho la kulia kwanza, la kushoto likafuata. Leo anajua tu kama taa imewaka au imezimwa. Ila msimfikirie ni mzee wa kushikwa mkono. Simu yake inamsomea kila anachogusa, na anaisikiliza kwa kasi ambayo mimi nasikia kama kuku wanagombania pumba. Pesa anatuma mwenyewe. Magazeti anasoma. WhatsApp ananisahihisha tahajia, na anaweka nukta. Kwangu anakuja kwa jambo moja tu, tovuti fulani ya mambo ya mafao, ambayo siitaji jina maana bado nataka kuishi na watu.

Kwenye simu imemshinda. Anasema akipapasa ule ukurasa inamwambia "kitufe kisicho na jina", "kitufe kisicho na jina", "kitufe kisicho na jina", kama anaita mahudhurio ya darasa la mizimu. Ndiyo maana anapanda bodaboda hadi kwangu.

Alhamisi duka lilikuwa limejaa, vijana wa maombi ya vyuo. Mwalimu kakaa kwenye stuli pembeni yangu, nikafungua ukurasa, tukafika kwenye neno la siri. Kwa kawaida huwa ananinong'oneza. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika na jenereta la kinyozi wa jirani, tunalochangia, linaunguruma, nikamwambia, "Mwalimu, sijasikia." Akarudia kwa sauti. Nikaandika. Ikakataa, kwa sababu chini yake kuna ile picha ya herufi zilizopindapinda ya kukuuliza kama wewe ni mtu, na mimi nilisoma sifuri kumbe ni O. Ukikosea picha, ukurasa unafuta vyote, na neno la siri pia. Ukichelewa nao unakufa, unaanza mwanzo. Akataja tena. Ikakataa tena. Mara ya tatu akasema polepole, kama anaandikisha imla darasani: "Herufi kubwa R. Malizia jina la mama watoto. Kisha mwaka aliofariki."

Foleni nzima ikanyamaza. Walikuwa saba, niliwahesabu baadaye kichwani. Kuna kijana mmoja aliyekuwa anacheza muziki kwenye simu, akazima. Mzee wa watu ametangaza msiba wake dukani ili aone hela yake mwenyewe.

Na kuna kinachonitia aibu zaidi ya hapo. Chini ya kaunta nina kaunta buku. Humo nimeandika maneno ya siri ya wateja, maana wakisahau mimi ndiye wanayenijia juu. Yamefika zaidi ya mia mbili. La Mwalimu la zamani limo, tovuti ikamlazimisha abadilishe, ndiyo maana siku hiyo alinitajia jipya. Nikaliandika na hilo, pale pale, wakati bado anakohoa kuficha sauti yake. Mkono umezoea.

Msidhani ni wasioona tu wanaoteseka. Wiki iliyopita alikuja bibi wa mwaka 1957. Tarehe ya kuzaliwa haiandikwi, ni kalenda, na kalenda inaanzia mwezi huu, na kinachorudi nyuma ni mshale wa mwezi mmoja mmoja. Pigeni hesabu wenyewe, ni zaidi ya mara 800. Nilibofya huku bibi ananihadithia habari za mjukuu wake, tumefika 1974 ukurasa ukafa. Au namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa: tarakimu 20, kwenye kadi zimetenganishwa na vistari, mtu anaandika kama anavyoona kwenye kadi yake, tovuti inajibu "si sahihi". Haisemi ondoa vistari. Si sahihi tu. Watu wameshawahi kunilia hapa wakidhani kadi zao ni feki.

Lakini swali langu ni la Mwalimu. Je, kuna namna anaweza kukaa yeye mwenyewe kwenye kompyuta yangu, akaandika neno lake la siri kwa mkono wake, mimi nisilijue? Kompyuta zote ni Windows 7, msinicheke. Na bando ni la kupima.

---

Bwana_Mtelezo · Jumapili, saa 4:02 usiku

Mama Kopi unajitafutia kazi. Mjazie, pokea elfu mbili, aje anayefuata. Kama hataki ujue si ana watoto? Wamjazie wao.

---

MamaKopi_Igoma · Jumapili, saa 4:10 usiku

Anao wanne. Nilimuuliza hilo hilo. Akasema, "Mwanangu, wewe ukijua mafao yangu utanyamaza. Wao wakijua wataanza kunipangia." Haya, mjibu.

---

fundi_wa_kodi · Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Dada, nasoma hii nikiwa kwenye mwendokasi na sina raha, maana ile kalenda ya bibi nimewahi kuiweka mimi. Siyo kwenye hiyo tovuti, nyingine. Kalenda ilikuja imeshatengenezwa, kazi yake ilikuwa kuchagua siku ya safari. Mimi nikaibandika kwenye tarehe ya kuzaliwa. Kuijaribu nilijaribu: nilibofya siku ya leo, ikakubali, nikaenda kula. Yaani niliipima kwa mtoto aliyezaliwa asubuhi ile. Visanduku vitatu, siku, mwezi, mwaka, vingetosha, na kuvitengeneza ni rahisi kuliko hiyo kalenda.

Hicho "kitufe kisicho na jina" anachosikia Mwalimu maana yake ni kwamba mtengenezaji amechora alama, labda nyumba au mshale, akaishia hapo. Anayeona anaelewa. Programu ya kusoma skrini haitazami mchoro, inasoma kodi, yaani yale maandishi ya programu yaliyo nyuma yake, na nyuma hakuna neno. Ni neno moja la kuandika, wala halionekani kwenye ukurasa, haliharibu urembo wa mtu. Visanduku ni hivyo hivyo. Maandishi yanayosema hapa weka namba ya uanachama yamekaa juu ya kisanduku kwa macho tu. Kwenye kodi hayajafungwa pamoja, kwa hiyo yeye anasikia kuna kisanduku, cha nini hajui.

Na wala siyo siri ya wataalamu. W3C, wanaotunga taratibu za wavuti, wana miongozo inayoitwa WCAG, ya kufanya tovuti itumike na kila mtu, hata asiyeona. Ya kwanza ni ya 1999, toleo la 2.0 likaja 2008, la 2.1 mwaka 2018, la 2.2 Oktoba 2023. Hata huo ukurasa wako unaokufa umo: muda ukikaribia kwisha mtu aonywe, apewe angalau sekunde 20 za kuomba nyongeza kwa kitendo chepesi kama kubonyeza kitufe kimoja, na aweze kuongeza walau mara kumi. Bibi angefika 1957 na chai angekunywa.

Nipo kwenye kazi hii miaka sita. Sijasikia hata mteja mmoja akiuliza kama tovuti yake inasomeka na asiyeona. Wanauliza kama nembo inaweza kuwa kubwa zaidi. Bosi anaikagua ofisini kwenye skrini pana, intaneti ya waya, macho mazima, anasema safi, tunalipwa, tunaagana.

Nikifika kazini leo nitachomoa mausi nijaribu kutumia kazi yangu mwenyewe kwa kibodi tu. Nitaleta majibu.

---

Mzee_wa_Kona · Jumatatu, saa 2:30 asubuhi

Samahani niko nje ya mada. Mama Kopi, kuprinti rangi hapo kwako bei gani? Nipo Buhongwa.

---

MamaKopi_Igoma · Jumatatu, saa 2:41 asubuhi

Mia tano, lakini wino wa bluu umeisha, picha zote zinatoka watu wana homa ya manjano. Subiri Jumatano.

---

BibiMiwani · Jumatatu, saa 5:20 asubuhi

Mimi naona jamani, ila nina miaka 63 na miwani mbili. Siku hizi wameamua kuandika kijivu juu ya nyeupe, na herufi zenyewe kama dagaa. Nikitaka kukuza kwa vidole viwili ukurasa umefungwa, haukuzi. Nikiwa kwenye jua la nje ndiyo kabisa, naona sura yangu. Halafu kuna maelezo wanayaweka ndani ya kisanduku, ukianza tu kuandika yanapotea, na mimi nimeshasahau waliuliza nini. Mjukuu wangu ananiambia bibi unazeeka. Mbona gazeti nasoma?

---

fundi_wa_kodi · Jumatatu, saa 5:48 asubuhi

Bibi, shikamoo. Hujazeeka wewe. Kwa maandishi ya kawaida, miongozo inataka tofauti ya mwanga kati ya herufi na nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Hicho kijivu cha kisasa nimekipima kwenye kazi zetu mbili, vyote viko chini ya 3. Tulikichagua kwa sababu kinaonekana cha gharama.

---

Bin_Likoni · Jumatatu, saa 8:05 mchana

Asalaam aleikum nyote. Mie sioni tangu kuzaliwa, niko Mombasa. Na haya nayaandika mwenyewe kwa kompyuta, nasema kabla hajaja mtu kuuliza nani ananiandikia, manake huulizwa kila pahali.

Bi Mama Kopi, kazi yako igawe mafungu. Mwalimu anaweza yote isipokuwa kitu kimoja, nacho ni ile picha. Hiyo msomee wewe. Si siri, kesho itakuwa nyengine. Tazama pia kama pembeni yake pana alama ya sikio au spika, kuna tovuti huweka njia ya kusikiliza badala ya kuangalia. Ikiwa haipo, basi msomee. Mengine yote mwachie mwenyewe.

Pakua NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti. Ni bure, halali, si ya kuvunja. Aliianza mwaka 2006 kijana wa Australia, Michael Curran, kisha mwenzake James Teh akajiunga naye, na wote wawili hawaoni, ndiyo sababu haina upuuzi mwingi. Lakini kwa Windows 7 usichukue ya sasa, itakukatalia mlangoni. Ya mwisho inayokubali ni 2023.3.4. Wala si lazima uisakinishe kwenye mashine yako, unaweza kuitia kwenye flashi. Mwalimu atakuja na flashi yake mfukoni, achomeke, isome kwa kasi yake anayoitaka, akimaliza aondoke nayo. Mpe hedifoni. Sauti ya Kiswahili imo, ingawa yasema kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, utaizoea.

Akifika penye neno la siri, kila atakachobonyeza NVDA haitaji herufi, itasema "star", yaani nyota. Na skrini itaonyesha vidoto. Kwa hivyo hao saba wako wakimsogelea sikioni wataambulia nyota tupu. Ukija kupata Windows mpya zaidi kuna na pazia la skrini: kioo kinakuwa cheusi tititi na yeye anaendelea na shughuli zake, mpita njia haoni kitu. Shida yake ukiteremsha pazia na wewe picha hutaiona. Mambo ya dunia.

Jambo la mwisho, kibodi. Papasa herufi F na J uone kama vile vinundu vidogo bado vipo. Watu hubandika stika juu ya kibodi, wakaziziba. Hivyo ndivyo macho yetu.

Huku kwetu Katiba ya 2010, ibara ya 54, yataja haki ya mtu mwenye ulemavu kupata nyenzo na vifaa vya kumwondolea vikwazo. Ibara nzuri. Lakini haisomi picha.

---

MamaKopi_Igoma · Jumatatu, saa 8:30 mchana

Bin Likoni, Mungu akupe. Nimepapasa, vinundu vipo. Herufi zenyewe ndizo zimefutika, A na E hazionekani kabisa, nilikuwa naona aibu kumkalisha mtu mzima kwenye kibodi ya namna ile.

---

Bin_Likoni · Jumatatu, saa 8:33 mchana

Hilo ndilo halitamsumbua.

---

fundi_wa_kodi · Jumatatu, saa 12:10 jioni

Majibu. Nimechomoa mausi. Nimefika hatua ya pili ya fomu tuliyomkabidhi mteja mwaka jana, nikakwama. Ukibonyeza Tab inaruka kutoka kisanduku cha mwisho inakwenda zake chini kabisa ya ukurasa. Kitufe cha "Endelea" inakipita kama hakipo. Nikafungua kodi, kumbe siyo kitufe. Ni boksi lililopakwa rangi ya kitufe na kuambiwa lisikilize mausi. Jina langu ndilo lililo kwenye hiyo kazi.

Kukirekebisha kumenichukua dakika nne. Kumshawishi kiongozi wa timu kwamba ni kazi halali ya mchana kumechukua saa moja na nusu.

Dada, kama hiyo tovuti yenu ina ugonjwa huo, Mwalimu asihangaike na Tab. Ashuke kwa mshale wa chini mstari kwa mstari, NVDA itamwambia pahali panapobofyeka, hapo abonyeze Enter.

---

Wakili_wa_Kijiweni · Jumatatu, saa 2:50 usiku

Wote mnaongelea picha na vitufe, mimi nimebaki kwenye kaunta buku. Mama Kopi, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Ukikusanya taarifa za watu unatakiwa uzilinde. Maneno ya siri mia mbili chini ya kaunta, karibu na chupa ya chai, hapo nani analinda? Siku likiibiwa hutaweza kusema ni la hesabu. Lichome.

---

MamaKopi_Igoma · Jumatatu, saa 3:15 usiku

Karibu na chupa ya chai umejuaje?

---

MamaKopi_Igoma · Jumamosi, saa 3:05 usiku

Nimerudi. Naandika kirefu, mwenye haraka aruke.

NVDA niliyopakua kwanza ilikuwa ya sasa, kweli ikakataa, na bando likaenda. Nikatafuta ile 2023.3.4, ikakubali. Usiku nikajifunza kidogo nikiwa nimefumba macho, dakika kumi tu nikafumbua, nilikuwa nimeshafungua kitu sikijui na kompyuta inanitangazia habari za saa.

Mwalimu alikuja jana saa nane mchana, wakati watu wametulia. Nikamkalisha kwenye kiti changu, siyo stuli. Akapapasa kibodi, vidole vikatua kwenye F na J vyenyewe. Kumbe chuoni alijifunza taipureta. Akavaa hedifoni sikio moja, jingine akaliacha la kunisikiliza mimi.

Bin Likoni na fundi, kila mlichosema kilitokea. Kisanduku cha kwanza kikasema "sehemu ya kuandika, tupu". Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu hivyo hivyo. Nikamwambia mpangilio: cha kwanza namba, cha pili neno la siri, cha tatu picha. Akasema, "Sawa, kama milango ya choo cha shule, unakariri ipi ya walimu." Akajaza cha kwanza. Alipoingia cha pili nikageuka nikatazama barabarani bila hata kuombwa. Nilisikia vidole tu. Sijui kwa nini niliona haya, nimeandika maneno ya siri ya watu mia mbili bila kupepesa jicho.

Picha. Alama ya sikio haikuwepo, nimeitafuta kila kona. Nikamsomea: saba, k ndogo, kisha kitu ambacho kilikuwa ama S ama tano. Nikasema tano. Ikakataa, ikafuta vyote. Akaandika upya. Picha ya pili nikasogeza pua hadi kwenye kioo, nikamwambia, "Mwalimu, hii hata mimi sijui ni nini."

Akacheka mpaka akavua hedifoni. "Kumbe na wewe huoni."

Ya tatu tukapita. Kitufe cha kuingia kweli Tab ilikiruka. Akashuka na mshale, akakipata, akabonyeza Enter mwenyewe. Kabla ya kuangalia chochote akaenda moja kwa moja kubadili neno la siri. Mara moja ukurasa ulikufa katikati, alikuwa anasikiliza masharti yote ya neno jipya, herufi kubwa, alama, namba, tovuti ikaona amekawia. Akarudia toka mwanzo, na picha nikasoma tena. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyelaani, kimoyomoyo.

Sasa tukafika kwenye taarifa ya mafao yenyewe. Ni faili la PDF. Akalifungua, NVDA ikanyamaza. Akashuka, kimya. Nikaangalia: mtu amechukua karatasi akaiskani, ni picha ya karatasi, hakuna herufi hata moja ndani yake ambayo programu inaweza kuisoma. Yaani safari yote ile, halafu mwishoni wanampa picha tena. Akanyamaza kidogo, akasema, "Funga mlango nusu, uje karibu." Nikavuta stuli, nikamsomea kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari, na alinirudisha mara mbili kwenye mstari mmoja wa makato. Kiasi sitakisema hapa wala kwingine. Kwa hiyo Bwana Mtelezo, mafao nimeyajua. Neno la siri silijui.

Fundi, kama kuna namna ya kuifanya hiyo PDF isomeke kwenye Windows 7 niambie.

Wakili, kaunta buku sijalichoma. Watu mia mbili wakirudi wamesahau nitawaambia nini? Nimeanza na Mwalimu tu. Nilimwambia ukweli, kwamba maneno yake yote mawili niliyaandika, la zamani na lile la Alhamisi. Hakukasirika, au alikasirika kimyakimya kama walimu. Akasema, "Chana huo ukurasa, nipe." Nikachana. Nikageuza, nyuma kuna majina ya watu wengine wanne na maneno yao. Ikabidi nichukue mkasi, nikate kipande chake peke yake.

Nikamwekea kiganjani. Akakipapasa kingo, kimoja baada ya kingine, akaniuliza, "Una uhakika ndicho chenyewe?"

"Ndicho, Mwalimu."

Akakikunja mara mbili, akakitia mfuko wa shati, akauliza bei. Nikasema hamna. Akaweka elfu mbili juu ya kibodi, akaomba nimwitie bodaboda.

---

fundi_wa_kodi · Jumamosi, saa 3:40 usiku

Kwa Windows 7 sina dawa, dada. Ukipata kompyuta ya Windows 10, NVDA ina amri ya kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha, atashika kitufe cha NVDA, ambacho kwa kawaida ni Insert, pamoja na R. Kwenye karatasi iliyoskaniwa ikapinda itakosea namba, kwa hiyo makato msikilize wote wawili. Kuna mashine ya ofisi tunaitoa stoo mwezi ujao. Nitauliza wanauzaje.

---

Mzee_wa_Kona · Jumamosi, saa 4:12 usiku

Wino wa bluu umekuja?